Milango Mitatu Katika Afisi Moja

Wazee walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Maneno hayo hunijia kila ninapowasikia vijana wetu wakizungumza juu ya usawa kazini. Wengi wao wanadhani jambo hili ni geni, ati lililetwa juzi na mashirika ya ng'ambo pamoja na semina za hotelini na chai ya bure ya saa nne. Mpenzi msomaji, sivyo hata kidogo. Haki ya mtu kuajiriwa na kulipwa bila kuulizwa rangi yake wala kabila lake imelipiwa hapa hapa kwetu, kwa jasho, kwa vifungo na hata kwa damu. Leo nataka kukueleza habari zake. Kisha nitakueleza na aibu yangu mwenyewe, maana haifai kuwanyoshea wengine kidole kabla sijajinyoshea.

Marehemu baba yangu alikuwa karani katika idara moja ya serikali ya kikoloni mjini Nairobi. Aliingia kazini baada ya Vita Vikuu vya Pili. Alikuwa amesoma misheni, akijua Kiingereza na hesabu, na mwandiko wake ulikuwa kama uliopigwa chapa. Katika chumba chao kulikuwa na meza tatu. Ya dirishani ilikuwa ya Mzungu, ya katikati ilikuwa ya karani Mhindi, na ya baba ilikuwa mlangoni kabisa, ili atumwe upesi pakiwa na haja. Huko uani kulikuwa na milango mitatu ya vyoo, kila mmoja na kibao chake: Wazungu, Wahindi, Waafrika. Cha kwanza kilikuwa na sabuni na taulo. Cha pili kilikuwa na maji. Cha tatu kilikuwa mbali, nyuma ya banda la baiskeli, nawe ulikwenda na kopo lako.

Baba alikuwa akituambia kwamba siku ya kwanza hakuonyeshwa kazi. Alionyeshwa mlango wake.

Mwaka wa 1949 idara ile iliwapa makarani wake mtihani wa hesabu na uandishi wa barua. Matokeo hayakubandikwa ukutani. Lakini yule karani Mhindi, ambaye aliyaona mezani kwa mkubwa, alimnong'oneza baba kwamba yeye ndiye wa kwanza kuwapita wote. Mwisho wa mwezi baba akaongezwa shilingi chache, na waliomfuata wakaongezwa nyingi zaidi yake. Alipouliza, aliambiwa kwa upole kwamba yeye amefika kilele cha ngazi yake. Ngazi yake ilikuwa ya Waafrika, nayo ilikuwa fupi. Karatasi zote za mshahara wake alizihifadhi katika mkebe wa biskuti, na mkebe ule tuliuona tangu utotoni bila kujua una maana gani.

Hebu tutazame milango hiyo mitatu ilitoka wapi. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulipoanza mwaka wa 1896, Waingereza walileta vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao kazi ilipokwisha, lakini wengine walibaki, na wengine wakaja baadaye kwa biashara na ukarani. Hivyo ndivyo serikali ilivyojenga kazi zake kama jengo la orofa tatu. Juu alikaa Mzungu aliyeamuru, katikati Mhindi fundi, karani na mshika stoo, na chini Mwafrika mchukuzi, tarishi na boi wa nyumbani. Kila orofa ilikuwa na mshahara wake, nyumba zake, hospitali yake na shule ya watoto wake. Haikuwa desturi tu iliyojianzia yenyewe. Iliandikwa katika vitabu vya serikali.

Mwafrika wa orofa ya chini alifungwa pia na kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaanza kutumiwa kwa ukali. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alipaswa kuwa na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la tajiri wake na mshahara wake, akaivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Ukiacha kazi bila tajiri kutia sahihi, wewe ni mkosaji wa kushikwa na polisi. Na tajiri mpya akisoma kwamba ulilipwa shilingi kumi kule utokako, kwa nini akupe kumi na mbili? Mwafrika hakuweza hata kujadiliana juu ya bei ya jasho lake.

Watu hawakunyamaza. Mwaka wa 1921 matajiri walipotaka kupunguza mishahara ya Waafrika, Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika idara ya fedha, aliwakusanya watu wa makabila mbalimbali kupinga kipande, kodi na upunguzaji huo. Alikamatwa mwezi wa Machi mwaka wa 1922. Umati ukakusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kumdai, akina mama wakiongozwa na Muthoni Nyanjiru, na risasi zikapigwa. Serikali yenyewe ilikubali kwamba watu zaidi ya ishirini waliuawa. Kwa hivyo, msomaji wangu, malalamiko juu ya haki kazini yalimwaga damu katika mji huu miaka zaidi ya mia moja iliyopita.

Kisha tazama Mombasa. Tarehe 13 Januari mwaka wa 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka chini kazi zao: wachukuzi wa bandarini, watu wa reli, watumishi wa mahoteli na hata maboi wa majumbani. Kwa muda wa siku kumi na mbili mji ulitulia kama maji mtungini. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na kiongozi aliyejitokeza alikuwa Chege Kibachia. Walidai mishahara zaidi, maana maisha yalikuwa ghali. Lakini palikuwa na dai jingine ambalo ningependa kila mkubwa wa kuajiri alikumbuke: Mwafrika anayefanya kazi sawa na mtu wa rangi nyingine alipwe sawa naye. Hakuna semina ya hotelini iliyowafundisha maneno hayo. Walifundishwa na magunia. Mwaka ule ule Kibachia alikamatwa na kupelekwa mbali kuzuiliwa.

Wala si Waafrika peke yao waliopigania jambo hili. Makhan Singh, Kalasinga aliyeletwa Kenya akiwa kijana mwaka wa 1927, alikuwa angeweza kuketi kwa raha katika orofa ya kati. Badala yake, mwaka wa 1935 alikigeuza chama cha wafanyakazi wa Kihindi kikawa chama cha wafanyakazi wa rangi zote. Mwaka wa 1949 yeye pamoja na Fred Kubai waliunda muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1950, katika jumba la Kaloleni, alisimama akadai uhuru hadharani. Mwezi uliofuata alikamatwa, akazuiliwa mpaka mwaka wa 1961, miaka kumi na moja na zaidi. Yeye alikuwa na mlango wake wenye maji, akaukataa kwa sababu ya mwenziwe mwenye kopo.

Serikali ilijibu nini? Mwaka wa 1948 tume ya Sir Maurice Holmes iliyochunguza mishahara ya watumishi wa serikali ilishauri kwamba asiye Mzungu, hata akiwa na elimu ile ile na kazi ile ile, apewe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu. Yaani Mzungu akipata shilingi mia, wewe unapata sitini, na tofauti ya arobaini ni bei ya ngozi. Ndipo nilipomwelewa baba na mtihani wake wa mwaka wa 1949. Mwaka wa 1954 tume nyingine, ya Sir David Lidbury, ilishauri ngazi za rangi ziondolewe. Lilikuwa jambo kubwa, nalo lilitokana na kelele za wafanyakazi. Lakini waliotoka Uingereza waliongezewa malipo ya kuwavutia waje, hivi kwamba ngazi ilivunjwa mbele ya watu, huku nyingine ikisimamishwa nyuma ya nyumba.

Tom Mboya, aliyekuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi mwanzoni mwa miaka ya hamsini, ameandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1963, *Freedom and After*, juu ya mwanamke wa Kizungu aliyeleta maziwa yapimwe. Mama huyo aliingia, akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu. Mboya alikuwa pale pale mbele yake. Akamwuliza kama macho yake yana kasoro. Mimi nikisoma habari hiyo hucheka kwanza, halafu kicheko kinanikauka, kwa sababu mwenyewe nimewahi kutomwona mtu aliyeketi mbele yangu. Nitafika huko.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, vibao vitatu vya uani viling'olewa. Baba alisema watu walikwenda kutazama choo cha kwanza kama waendao makumbusho. Serikali mpya ikaanza kuwapandisha Waafrika katika kazi za juu, na kwa kweli hapakuwa na njia nyingine. Watu walikuwa wamezuiwa kwa miaka sitini. Je, wangengoja sitini nyingine ili wapande polepole? Atakayesema hatua ile haikuwa ya haki na aseme kwanza angefanyaje yeye.

Lakini haki nayo ina makali mawili. Serikali ilisema inawapendelea raia, wala si rangi. Wahindi walipewa miaka miwili kuomba uraia. Kisha mwaka wa 1967 zikaja sheria za uhamiaji na za leseni za biashara ambazo ziliwabana wasiokuwa raia, na maelfu wakaanza kuondoka kwenda Uingereza, mpaka Uingereza nayo ikaharakisha sheria ya kuwafungia mlango mwezi wa Machi mwaka wa 1968. Yule karani Mhindi wa meza ya katikati alikuwa raia. Alichukua karatasi zake mapema, akamwonyesha baba kwa furaha. Hata hivyo nafasi ya juu ilipotokea, mkubwa mpya alimwambia kwamba nafasi hiyo si ya watu wa namna yake. Mwaka wa 1968 aliondoka na watu wa nyumbani mwake. Baba alipewa meza yake. Alituambia, "Nilifurahi mchana kutwa. Jioni nikakumbuka nani aliyeninong'oneza matokeo yangu, nikaona haya."

Na ule mlango wa kwanza uani? Kibao kiling'olewa, lakini baada ya muda mlango ulitiwa kufuli. Ufunguo ukakaa kwa wakubwa. Miaka ilipopita, baba alianza kutambua kwamba wenye ufunguo walikuwa wakisalimiana kwa lugha moja tu ya nyumbani.

Sasa aibu yangu. Mwaka wa 1984 nilikuwa nimepanda cheo katika kampuni moja ambayo sitaitaja, nikaitwa kuwa mmoja wa watu watatu wa kuwahoji waliotaka kazi ya karani wa hesabu. Walikuja wanane. Miongoni mwao alikuwamo msichana Mworma kutoka Tana River, aliyekuwa amesafiri kwa mabasi usiku na mchana, vyeti vyake vimefungwa vizuri katika mfuko wa nailoni visilowe. Tuliwapa mtihani. Alikuwa wa kwanza. Tukamwuliza maswali, akayajibu kwa heshima bila kubabaika.

Alipotoka, mwenyekiti wetu aliweka kalamu chini, akasema, "Huyu tutamweka wapi? Wakati wa chai atazungumza na nani?" Kisha akacheka, akatamka nusu ya methali inayojulikana na kila mtu: "Mgala muue..." Hakuimalizia. Mwenzetu akacheka. Na mimi, msomaji wangu, nikacheka. Kazi tukampa kijana aliyekuwa wa tatu. Kijana huyo alitoka kwao mwenyekiti, na kwao mwenyekiti ni kwetu pia. Karatasi ikaletwa, nikatia sahihi.

Mwisho wa mwezi nilikwenda nyumbani na sukari na majani ya chai, kama kawaida. Nikamsimulia baba habari ile kama kichekesho. Hakucheka.

"Huyo msichana alikuwa wa ngapi?" akaniuliza.

"Wa kwanza, Baba."

"Na huyo wenu?"

"Wa tatu."

Aliingia ndani, akarudi na mkebe wa biskuti. Alitafuta taratibu mpaka akapata karatasi ya mwaka wa 1949, akanipa. "Soma, mwanangu." Nikasoma jina lake, cheo chake na ule mshahara wake mdogo. Akasema, "Mimi nilikuwa wa kwanza." Kisha akaenda kufunga mbuzi, maana jua lilikuwa linatua. Hakulitaja jambo hilo tena mpaka alipofariki.

Methali ile ina nusu ya pili. Mgala muue, na haki yake umpe. Ni methali ya zamani za vita, nayo haina upole kwa jirani zetu. Mimi nisingemfundisha mtoto kuitamka leo. Lakini hata waliosema maneno makali namna hiyo walijua kwamba adui ana haki yake nayo haizuiliwi. Sisi watu wa suti na kalamu tulichukua nusu ya kuua, tukaacha nusu ya haki. Na yule hakuwa adui. Alikuwa Mkenya mwenzetu aliyekuja kuomba kazi.

Tangu siku zile nchi imepitia mengi. Baada ya ghasia za uchaguzi za mwishoni mwa mwaka wa 2007 na mwanzoni mwa 2008, tulipoona jirani akimchomea jirani nyumba, tuliamka. Sheria ya utangamano ya mwaka wa 2008 inakataza taasisi yoyote ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Sheria ya ajira ya mwaka wa 2007 inaamuru kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa, maneno yale yale ya Kiwanja cha Maskini. Katiba ya mwaka wa 2010 inakataza ubaguzi wa rangi, kabila, dini, jinsia na ulemavu, tena inataka utumishi wa umma uwe na sura ya Wakenya wote. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka wa 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti ile. Tume ya utangamano imekuwa ikihesabu wafanyakazi, na hesabu zake zimeonyesha mara kwa mara taasisi zilizopita theluthi hiyo.

Wako wanaolalamika kwamba kuhesabu makabila ni kuyatukuza, na kwamba kazi apewe anayestahili. Nami nakubali kwamba apewe anayestahili. Yule msichana ndiye aliyestahili! Siku ile hapakuwa na sheria ya theluthi, na sifa peke yake haikumwokoa, kwa sababu wapimaji wa sifa tulikuwa ndugu watatu. Mkoloni naye alidai kwamba analipa kwa kustahili. Sheria ya kuhesabu haikuja kuziba njia ya mwenye sifa; imekuja kwa kuwa sisi tuliiziba kwanza.

Walakini sheria haiingii chumbani na kufunga mlango pamoja na wahoji. Hapo wamo watu tu. Kwa hiyo nasema mambo machache ya kawaida, kama mtu aliyekosea. Nafasi ya kazi itangazwe mahali ambapo hata mtu wa Garsen na wa Lodwar ataiona. Wahoji wasiwe wa nyumba moja. Kila mmoja aandike alama zake kwa wino kabla hawajaanza kuzungumza, na wakimwacha wa kwanza waandike sababu, tena sababu ambayo hawataona haya kumsomea mwenyewe usoni. Mwenyekiti wetu asingethubutu kuandika habari za chai.

Na wewe uliye mdogo mezani, usicheke. Mimi sikusema neno baya hata moja siku ile. Nilicheka tu na kutia sahihi, na hiyo ilitosha. Makhan Singh naye alikuwa angeweza kucheka.

Yule msichana sikumwona tena. Leo ni mtu mzima, huenda ana wajukuu. Mkebe wa biskuti ninao mimi sasa, na karatasi ya mwaka wa 1949 iko juu ya nyingine zote. Wajukuu wangu wakiniuliza ni ya nini, nawasomea, kisha nawaeleza habari mbili: ya babu yao mkubwa aliyekuwa wa kwanza, na ya msichana wa Tana River aliyekuwa wa kwanza. Ya pili huwa ngumu zaidi kuieleza, lakini siiruki.

Ikiwa wiki hii umeitwa kuketi kwenye meza ya kuajiri, ndugu msomaji, mwenye haki yake umpe.